Mbio za Kabla ya Basi

Sene 27, Jumatatu

Mama mkwe amekuja na mizigo saba. Nimeihesabu kutoka dirishani wakati Fikadu, mume wangu, anaipandisha ghorofa ya nne huku akihema, na mama yake nyuma yake anamwonya asiugonge ule uliofungwa kwa shuka. Ndani ya shuka mlikuwa na jebena yake, birika la udongo la kahawa. Mtu anayekuja kusalimia wiki moja haji na jebena yake. Nimemuuliza Fikadu atakaa mpaka lini. Akasema, "Mpaka mvua iishe." Mvua yenyewe ndiyo kwanza imeanza.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nifungue daftari hili. Leo Bwana Zewdu, mkuu wetu pale duka la dawa la hospitali, ametusomea sheria mpya. Kitabu cha kusaini kinafungwa saa moja na nusu asubuhi, na anayefika baada ya hapo anapewa barua. Barua tatu kabla ya Mwaka Mpya, unahamishiwa ghala la mkoani, safari ya siku nzima kutoka hapa. Alipofika kwenye neno "kuhamishwa" akaniangalia mimi.

Mimi ndiye ninayefungua dirisha namba moja, la wenye kisukari, watu wanaokuja kabla hawajatia kitu kinywani. Nimepewa mwezi uliopita, baada ya miaka tisa ya kubandika karatasi kwenye chupa kule nyuma. Silitoi kwa mtu. Nikihamishwa itabidi niache kazi, maana Fikadu hahami, na mimi sitaweza kukaa nyumbani kutazama ukuta.

Basi la wafanyakazi linapita kona yetu saa kumi na mbili na nusu. Likikupita, foleni ya teksi wakati wa mvua haina mwisho. Leo nimetumia dakika 82 kujiandaa. Zitapungua.

Sene 28, Jumanne

Dakika 91. Zimepanda.

Nilipotoka bafuni nilimkuta Emama Shewaye, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, amekaa kwenye kigoda sebuleni anaosha buni. Anaosha, bado hajakaanga, bado hajatwanga. "Kaa, mwanangu," akasema. "Mtu hatoki kwake asubuhi kimyakimya kama mwizi." Nikakaa, ningefanya nini? Nikanywa abol, kikombe cha kwanza. Alipoongeza maji kwenye jebena kwa ajili ya tona, kikombe cha pili, nikasimama. Alinitazama viatu tu.

Nilipanda basi nimevaa sweta ndani nje.

Sene 30, Alhamisi

Dakika 70. Nimeanza kujipanga. Nguo zote zinalala kwenye msumari mmoja kwa mpangilio wa kuvaliwa, ya ndani juu, koti chini. Maji najaza ndoo jioni, kwa sababu bomba letu huwa na akili zake. Nywele nimesukwa shuruba za kukaa wiki mbili.

Fikadu amefurahi sana. Wakati wa chakula akaniuliza, "Leo dakika ngapi?" Nikamwambia. Akapiga mluzi. "Utakuwa mwanajeshi, mke wangu." Yeye anaingia kazini saa tatu, ofisi iko mtaa wa pili, kwa hiyo sisi tunahangaika yeye yuko chini ya blanketi.

Hamle 1, Ijumaa

Dakika 63. Mvua ya mawe.

Hamle 5, Jumanne

Kiatu changu cha kushoto nimekikuta nje kwenye kibaraza, kimejaa maji mpaka kwenye kisigino. Cha kulia kilikuwa mahali pake mlangoni. Viatu huwa havitembei kimoja kimoja.

"Emama, umekiona kiatu changu?"

"Si hicho mkononi mwako?"

"Kilikuwa nje."

"Basi kilitaka hewa."

Fikadu alicheka kutoka chumbani. Nimekwenda kazini na raba. Wagonjwa wangu hawakujali, lakini Bwana Zewdu alijali. Dakika 74.

Hamle 8, Ijumaa

Dakika 58. Nimekunywa abol nimesimama mlangoni. Emama alikwishaweka vikombe vitatu vitatu kwenye sinia, vimepangwa kama askari wa gwaride. Mtu anayetaka niondoke mapema hapangi vikombe vingi hivyo.

Hamle 12, Jumanne

Nimemwambia Fikadu waziwazi, "Mama yako ananichelewesha kwa makusudi." Akaniwekea mkono begani. "Yeshi, yule ni mzee. Amezoea kijijini kwao, kahawa mpaka jua lipande. Mvumilie, mvua ikiisha ataondoka." Halafu akaniuliza dakika. Nikamwambia 55. Akasema kazi haikimbii, nisijiumize. Ni mume mwema, huwa nasahau kumshukuru.

Hamle 14, Alhamisi

Barua ya kwanza.

Ufunguo wa dirisha namba moja huning'inia kwenye msumari uleule wa nguo, nikishavaa koti ndio kitu cha mwisho. Leo msumari ulikuwa mtupu. Nimetafuta kwenye mkoba, chini ya kitanda, ndani ya ndoo ya maji. Emama yuko kwenye kigoda chake anakaanga buni, moshi umejaa nyumba nzima, ananiuliza kila dakika, "Unatafuta nini, mwanangu? Si ukae kwanza ukumbuke?" Nikasikia basi likipiga honi kule kona. Likapiga mara ya pili. Halafu nikasikia linaondoka.

Ufunguo nimeukuta ndani ya pipa la unga wa teffi. Nilitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, sijui nani aliniambia niangalie humo, nadhani ni hasira tu. Ulikuwa umezama chini kabisa. Hakuna ufunguo unaoanguka kwenye pipa lenye kifuniko.

Nilimwonyesha. Unga ulikuwa unadondoka kwenye zulia.

"Haya, umeupata," akasema. "Mungu mkubwa. Sasa kaa, tona inachemka."

Nilifika saa mbili na robo. Watu wangu kumi na wawili walikuwa wamesimama mbele ya dirisha lililofungwa, na mama mmoja alikuwa ameketi chini kwenye sakafu, anatetemeka, mwanawe anampepea kwa kadi ya hospitali. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Bwana Zewdu alinipa barua mbele yao. Nilipomaliza kugawa dawa niliingia stoo nikalia kidogo, kisha nikanawa uso. Namchukia yule mwanamke. Naandika hivyo na sitafuta.

Hamle 15, Ijumaa

Dakika 41. Ufunguo sasa unalala shingoni mwangu.

Hamle 21, Alhamisi

Dakika 36. Chakula cha asubuhi nimekifuta, nabeba injera iliyokunjwa nakula ndani ya basi. Gashe Nigatu, dereva wetu, ananicheka kwenye kioo. "Dada Yeshi, siku hizi wewe ndiye unayenisubiri mimi. Nyumbani kwako kuna nini, nyoka?" Nikamwambia, "Mama mkwe." Basi zima likacheka, nami nikacheka, ingawa sikuwa natania.

Hamle 28, Alhamisi

Dakika 29. Emama amenitazama nikiwahi mara nne mfululizo bila kugusa kitu. Ametulia mno, na simwamini mtu aliyetulia hivyo.

Nehase 2, Jumatatu

Mfungo wa Filseta, wa Bikira Maria, umeanza jana. Emama hauchezei: hata tone la maji halimpiti mpaka saa tisa mchana. Maana yake asubuhi hakuna buni, hakuna moshi, hakuna "kaa, mwanangu." Yuko kwenye kigoda na kitabu chake cha Zaburi, anasoma kwa kunong'ona. Dakika 22. Nimefika kona mvua haijanikuta.

Wiki mbili za amani. Nikipita hizi, zitabaki wiki tatu tu kabla ya Mwaka Mpya na hesabu ya barua inafutwa.

Fikadu aliuliza dakika ngapi. Alipiga mluzi tena, mfupi kidogo safari hii.

Nehase 4, Jumatano

Barua ya pili.

Nilijiandaa kwa dakika 21. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa kona, mwavuli mkononi, peke yangu. Saa kumi na mbili na nusu nililiona basi likishuka mteremko na taa zake za njano. Nikainua mkono. Likapita. Halikupunguza hata mwendo, likanirushia maji ya dimbwi mpaka kifuani, na nyuma ya kioo nikawaona wenzangu wamelala vichwa vimeegemea. Nilikimbia nyuma yake mpaka kwenye duka la mkaa.

Nilifika saa mbili kasoro dakika tano. Bwana Zewdu hakufoka. Aliniambia, "Bi Yeshimebet, sasa tuko mbili," kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kufoka.

Nehase 5, Alhamisi

Leo basi limesimama. Kabla sijapanda Gashe Nigatu akaniuliza, "Umepona?"

"Nimeugua lini mimi?"

"Jana asubuhi nilipata ujumbe kwenye simu. Yeshimebet anaumwa tumbo, haji, usimsubiri. Namba ngeni, lakini nikajua ni watu wa kwenu. Na mvua ile nani angekuona pembeni?"

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Emama ana simu ndogo ya vibonye. Anayesoma Zaburi hashindwi na ujumbe wa maneno matano. Na mimi nilidhani mfungo umenipa likizo. Kumbe bibi amehama kutoka kwenye jebena kwenda kwenye simu, tena akiwa na njaa na jina la Bikira Maria mdomoni. Sikuomba kuiona namba. Ya nini?

Jioni nilimwambia Fikadu. Alikunja uso, akasema, "Mama? Hapana, Yeshi. Mama hawezi." Akainuka. "Lakini nitamsema." Nikasikia wakizungumza jikoni kwa sauti ya chini, muda mrefu, na Emama hakutoka kula.

Nehase 6, Ijumaa

Dakika 20. Hatusalimiani.

Nehase 11, Jumatano

Siamini nilichokiona. Saa moja na nusu nimefungua dirisha, nimeita jina la kwanza, nikainua macho, na kwenye benchi la mwisho, kati ya wagonjwa, amekaa Emama Shewaye. Amejifunika netela mpaka kwenye nyusi kana kwamba sitamjua. Alikaa mpaka nilipomaliza mtu wa mwisho. Nilipofungua mlango wa pembeni nimfuate, hayupo.

Nyumbani nikamuuliza alikuwa wapi asubuhi.

"Kanisani."

"Kanisa gani hilo?"

"La huko."

"Lina dirisha la dawa?"

Akafunua ukurasa wa Zaburi. Amekuja kunipeleleza. Anataka kujua nafika saa ngapi, nani mkuu wangu, pengine azungumze naye mwenyewe. Mwanamke wa miaka sabini, amefunga, amepanda magari mawili kwenye mvua ili tu anione nikianguka. Nguvu hizo angelimia shamba.

Nehase 12, Alhamisi

Emama na Fikadu wamegombana. Nilipoingia wakanyamaza. Fikadu alikuwa na macho mekundu.

Nehase 17, Jumanne

Mfungo umekwisha jana, tumekula kuku. Leo nimeamka saa kumi na moja na nusu, nikakuta jebena tayari inatoa mvuke. Ameamka saa ngapi huyu? Buni imeoshwa, imekaangwa, imetwangwa. "Kaa," akasema. "Leo unywe vyote vitatu. Wakati upo."

Ndiyo mtego wenyewe. Nilimeza abol nimesimama, nikaunguza ulimi, nikatoka. Dakika 19.

Nehase 18, Jumatano

Kaa. Kimoja. Nimetoka. 19.

Nehase 20, Ijumaa

Nimeamka mapema ili nimtangulie. Amenitangulia yeye. "Kaa mpaka bereka," akasema. Bereka ni kikombe cha tatu, cha baraka. "Nina neno."

"Liseme, Emama, nasikia huku navaa."

Akatazama mlango wa chumbani alikolala Fikadu, akanyamaza. Neno lenyewe halipo, ni chambo. 18.

Nehase 25, Jumatano

Fikadu amenishika mkono leo jioni. Amesema anaona ninavyokonda. Amesema nikiacha hatutakufa njaa, mshahara wake unatutosha watu wawili, na pengine mwili ukitulia utafanya yale mengine pia. Hakutaja mtoto. Miaka sita sasa huwa hatutaji, tunasema "yale mengine."

Nikamwambia dirisha lile ni langu. Akasema, "Najua. Nilikuwa nasema tu." Akauliza dakika.

Nehase 30, Jumatatu

18. Mwezi huu wa siku thelathini umekwisha, zimebaki tano za Pagume, mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu. Nikizipita, barua mbili zinakufa na mwaka.

Pagume 2, Jumatano

18. Emama ananisubiri mlangoni kama polisi wa kituo. Leo alinishika mkono wa koti. Nikautoa mkono wake, si kwa nguvu, lakini niliutoa.

Pagume 3, Alhamisi

Nimeandika mistari mitatu nikaichana. Naanza upya.

Saa kumi alfajiri niliamshwa na mkono usoni. Emama, ameinama, kidole mdomoni. Fikadu alikuwa anakoroma. Nikamfuata sebuleni nikiwa na hasira tayari mdomoni, nikakuta mkaa umekolea, buni inasubiri kikaangoni. Akasema kwa kunong'ona, "Ni saa kumi. Basi lako ni saa kumi na mbili na nusu. Leo huna kisingizio. Ukitaka, vaa kwanza."

Nikavaa kwanza, mpaka viatu, mpaka ufunguo. Simwamini mtu. Nikakaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani.

Alikaanga polepole. Akanipitishia moshi wa buni chini ya pua, nikauvuta kwa heshima, hata mgomvi huuvuta. Abol tuliinywa kimya. Mvua ilikuwa inanyesha nje, mvua ya siku ya malaika Rufaeli, na chini uwanjani watu walikwishatoka na watoto wao wasimame chini yake wapate baraka, tulikuwa tunawasikia wakicheka. Tona tuliinywa akiniuliza habari za mama yangu. Nilitazama saa mara tano.

Saa kumi na mbili kasorobo akamimina bereka, akakaa na kikombe chake bila kukinywa.

"Usinikatize," akasema. "Ufunguo niliuficha mimi."

"Najua."

"Kiatu pia."

"Najua, Emama."

"Usichokijua ni aliyenituma."

Nikakiweka kikombe chini.

"Fikadu hakuniita nije kupisha mvua. Alinipigia akasema, mama, njoo unisaidie, mke wangu anakimbia kila asubuhi kama nyumba inaungua, miaka sita hajashika mimba, na mtu anayekimbia namna ile hatashika. Mcheleweshe tu. Nilipofika, naye kasikia sheria yenu, akasema barua tatu zinatosha. Nikamwambia, si umkataze mwenyewe, wewe si mume? Akasema, nikimkataza mimi atanichukia mimi. Wakimfukuza wao, atawachukia wao."

Akachochea jiko. Nilikuwa nasikia mkaa ukipasuka.

"Nikakubali. Nataka mjukuu, leo sitakudanganya. Baada ya ule ujumbe wa simu ukanitazama kama nyoka, na mimi ule ujumbe siujui. Nikamuuliza, akasema ndiyo, ni mimi mama, maana wewe umelala. Nikasema, nikaone basi hiyo kazi inayomtia wazimu mwanangu. Nikakaa kwenye lile benchi lako. Ulipofungua, wale watu wote wakanyoosha migongo. Kulikuwa na mtoto analia haogopi mtu, ukamwita kwa jina lake, akanyamaza. Nikarudi, nikamwambia Fikadu mimi basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekukalisha siku kumi na saba. Kila siku kikombe kimoja, umesimama mlangoni. Neno kama hili juu ya mtoto niliyemzaa, nilitupe mlangoni juu ya abol kama bei ya vitunguu? Hujui bereka ni ya nini?"

Najua. Kila mtoto wa hapa anajua. Mambo mazito husubiri kikombe cha tatu, na mimi kwa miezi miwili nilijisifu kwa kukikimbia.

"Jana jioni kaniuliza kama nitauficha ufunguo tena," akasema. "Nikamwambia unalala nao shingoni. Akasema basi, simu itatosha. Nenda sasa, mwanangu. Usisimame pembeni."

Nilishuka ngazi bila mwavuli. Kona ilikuwa imejaa watoto uchi kwenye mvua. Basi lilipotokea kwenye mteremko nilisimama katikati ya barabara, mikono yote miwili juu, na Gashe Nigatu akafunga breki mpaka nikaona sura yake imekunjamana.

"Dada Yeshi, unataka kuniua? Si safari hii unaumwa kweli?"

"Nani kasema?"

Akanipa simu. Kwa nini sikuiomba siku ile? Namba hata sikuhitaji kuisoma mpaka mwisho. Nimeipiga maelfu ya mara, nimeiandika kwenye fomu zote za dharura kazini. Juu ya ujumbe kulikuwa na saa: kumi na moja na dakika thelathini na tano. Saa ile mimi na mama yake tulikuwa kwenye kikombe cha pili. Kukoroma kulikuwa kumenyamaza na sikugundua. Alikuwa nyuma ya ukuta ule mwembamba, chini ya blanketi, ananiandikia ugonjwa.

Nilisaini saa moja na dakika kumi na mbili. Nilifungua dirisha nikiwa nimelowa chapa, na yule mama aliyeketi sakafuni mwezi ule wa Hamle akaniambia, "Rufaeli kakubariki." Nikamwambia ndiyo.

Jioni sikungoja chakula kiishe.

"Umemwandikia nini Gashe Nigatu?"

"Nani?"

"Namba yako naijua kichwani, Fikadu."

Akaiweka injera chini. Akamtazama mama yake, mama yake akamtazama vilevile.

"Kwani nimekupiga?" akasema. "Nimekukataza kazi mimi?"

"Bora ungenikataza."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Sasa unaona."

"Naona nini? Ulikuwa unaniuliza dakika ngapi kila jioni. Nilidhani unanishangilia."

Hapo sauti yake ikavunjika. "Miaka sita, Yeshi. Kila mtu ananiuliza mimi."

"Na mimi hawaniulizi?"

Nilimhurumia, na nikajichukia kwa kumhurumia, kwa sababu nilikumbuka wale watu kumi na wawili mbele ya dirisha lililofungwa. Nimelala sebuleni na Emama.

Pagume 4, Ijumaa

18. Kimya.

Pagume 5, Jumamosi

Nimemsindikiza Emama kituo cha mabasi. Nilimwomba abaki, tufungue mwaka pamoja. Akakataa. "Siwezi kula kuku wa mtoto niliyemsema. Akipona atakuja kunichukua." Nikamwomba radhi kwa yale niliyoyafikiri juu yake. Akasema, "Ya Hamle ulifikiri sawa," akapanda.

Nilirudi kwa miguu. Sijui kama ninaondoka kwangu au ninabaki. Fikadu ameomba msamaha mara mbili, maneno yaleyale. Nataka kumwamini na siwezi.

Meskerem 1, Jumapili

Mwaka Mpya. Jua limetoka. Barua mbili zimekufa.

Meskerem 2, Jumatatu

Nimeamka saa kumi na mbili kasorobo. Nilipotoka chumbani nilisikia harufu ya buni, nikadhani naota.

Fikadu alikuwa kwenye kigoda. Sijawahi kumwona mwanamume yeyote wa ukoo wao kwenye kigoda cha kahawa. Ameunguza nusu ya buni, nusu nyingine mbichi, vidole vina masizi, na ameitoa kabatini jebena tuliyozawadiwa siku ya harusi ambayo haijawahi kuona moto. Vikombe amevipanga.

"Kaa, Yeshi," akasema. "Nataka tuzungumze. Mpaka bereka, kama inavyotakiwa. Nina neno."

Macho yake yalikuwa yamevimba, ya mtu ambaye hakulala. Akamimina, kahawa ikamwagika kwenye sinia. Nilimtazama, nikaitazama saa ukutani, nikamtazama tena. Maji ya tona yalikuwa hayajatiwa bado. Kwa mkono ule alionao, bereka isingefika kabla ya saa moja.

Nimekaa naye miaka sita na nilisimama pale sebuleni kwangu nisijue kama mume wangu ananiomba msamaha au ananichelewesha.

Nikavaa viatu. Dakika 16.